Jumatano Haitatoka Kinywani Mwangu

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi nimeandika ubaoni: Mawimbi ya magotini. Upepo wa bahari. Usijisumbue. Nikafuta chaki kwenye suruali, nikasimama pembeni nione watu wanavyosoma. Hakuna aliyesoma! Wanapita na bodi zao za kutelezea mawimbini kwapani, wanakwenda kumwuliza Profesa.

Profesa ni shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu, kitinda mimba, aliyedekezwa mpaka akaharibika. Profesa wa nini? Chuo hajakanyaga hata getini. Ana simu yenye ramani za bahari za rangi rangi, basi. Kibanda anachofundishia watoto kuteleza mawimbini kiko ukuta kwa ukuta na kibanda changu. Na nani alimwonyesha hapo mahali? Mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mtabiri wa klabu ni mimi. Ubao wangu, chaki yangu, kiti cha juu chenye darubini changu. Na heshima ya mtabiri iko katika jambo moja: wiki ya mashindano ikifika, yeye ndiye anayetaja siku. Waamuzi wanatoka mbali, na siku ikishatajwa haiguswi, ila mtabiri mwenyewe akiomba ibadilishwe kabla hawajaanza safari. Sijawahi kuomba. Wiki yenyewe inaanza keshokutwa.

Safari hii wanakuja na wateuzi wa timu. Watachukua msichana mmoja tu, akafundishwe ng'ambo. Binti yangu, huku ufukweni wanamwita Kishada, hali vizuri mwezi wa pili huu kwa kuiwaza nafasi hiyo. Yeye ni wa mawimbi makubwa. Amerithi miguu mizito ya babu yake, kwenye wimbi dogo anazama kama sufuria. Mpinzani wake ni yule wanayemwita Unyoya, ambaye hata ukipiga chafya anateleza. Bahari ikichafuka, Kishada. Bahari ikilala, Unyoya. Hilo halihitaji ramani.

Mke wangu kaniambia wiki hii nisianze mambo yangu. Nikamwuliza mambo gani. Kasema yale yale.

Jumapili, 8 Juni

Tangu kulipopambazuka niko juu ya kiti, namtazama Jino. Jino ni ule mwamba uliochomoza nje kule maji yanapoanza kuvunjika. Leo mawimbi yanayompiga ni madogo, lakini yanachelewana. Linapiga moja, unangoja, unajikuna sikio, unangoja tena, ndipo linakuja la pili. Ukiona hivyo ujue makubwa yako njiani, yanatoka mbali. Goti langu la kushoto nalo linauma. Linauma vizuri! Nimepiga hesabu, nimeirudia: Jumatano. Jumatano asubuhi, maji yakijaa, upepo ukitoka nchi kavu. Siku ya Kishada! Nimeteremka ngazi naimba.

Chini ya ngazi nani? Profesa. Shikamoo shemeji, kwa adabu zote. Akasema ametazama ramani zake, anaona ni Jumatano, kaona aniambie mapema kwa ajili ya mtoto.

Chaki ikanidondoka.

Kwanza, mtu mzima haamki asubuhi akamgawia mwenzake siku bure. Lazima pana kitu. Pili, hata kama ni kweli! Nikisimama kesho nikataja Jumatano, ufukwe mzima utasema Profesa kamnong'oneza. Nimeikuta mwenyewe, kwa macho yangu na goti langu, na sasa imekuwa yake. Ameniibia Jumatano kwa kunipa!

Jioni Kishada kauliza, baba, ni lini? Mjomba anasema Jumatano. Mjomba anasema! Nimemwambia ale, akalale.

Jumatatu, 9 Juni

Ukumbi wa klabu ulijaa. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na mpaka leo anatusemesha kama tumechelewa kengele. Kasema mtabiri asimame, ataje siku, aketi.

Nikasimama. Jumatano ilikuwa ulimini kabisa. Nikamwona Profesa kule nyuma, karibu na mtungi wa maji, ananitikisia kichwa. Ananitia moyo! Kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya wageni!

Nikasikia mdomo wangu unasema Alhamisi.

Minong'ono. Mwenyekiti akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kuliko ninavyolijua jina langu. Profesa akanyoosha mkono, akasema samahani shemeji, Alhamisi bahari itakuwa imelala. Nikamwuliza tangu lini mlezi wa watoto wanaokunywa maji ya chumvi akawa mtabiri. Ukumbi ukacheka. Kicheko kitamu, miaka sijakisikia. Mwenyekiti akapiga simu kwa waamuzi palepale, ikawa Alhamisi.

Kishada hakucheka. Alikuwa ananitazama tu.

Nimerudi nimepiga hesabu upya. Ukiitazama kwa jicho la haki, Alhamisi haiko mbali na Jumatano. Wimbi nalo linaweza kuchelewa. Mabasi hayachelewi?

Jumanne, 10 Juni

Profesa ametoa bodi zake ndefu zote, kazipanga nje, anazipaka nta. Nimemchungulia kwenye ufa wa ukuta. Bodi ndefu ni za bahari iliyolala, hilo halina mjadala. Nikamdadisi mwokoaji wa ufukweni. Kasema Profesa ana wanafunzi wapya Alhamisi, wanaogopa maji, kawachagulia siku tulivu.

Mtego! Kama kweli anaamini Alhamisi ni tulivu, angezianika bodi hadharani hivyo? Anajua nina ufa. Anataka nitishike, nikaombe siku ibadilishwe, halafu mawimbi yaje Alhamisi nichekwe mpaka kaburini. Kwa hiyo Alhamisi ni kubwa. Imethibitika! Nimepiga mluzi karibu na ufa ili asikie.

Goti limevimba. Nimelifunga kitambaa, liache kelele.

Mke wangu kanifuata kibandani. Kasema waamuzi wanaanza safari kesho alfajiri, wakiambiwa sasa watasafiri usiku huu, bado nina nafasi, niende kwa Mwenyekiti niseme nimekosea. Aibu ya siku moja, kasema, na mtoto ana maisha yake yote. Akaanza kulia. Mke wangu si mtu wa kulia. Nikavaa viatu, nikaenda. Naandika ukweli: nilikwenda kwa nia njema. Nilifika mlangoni kwa Mwenyekiti, nikainua mkono nibishe hodi.

Ndani nikasikia sauti ya Profesa. Ananiombea! Anamwambia Mwenyekiti nikija nisisimangwe, mimi ni mtu mzima, nina machungu yangu, nipokewe taratibu tu siku ibadilishwe.

Nani kamtuma? Nani kamwambia nina machungu? Nikateremsha mkono. Nikarudi kwa njia ya nyuma, ile ya majalalani, nisionekane. Ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: Jumatano: Hakuna kitu.

Jumatano, 11 Juni

Ngurumo imenitoa kitandani. Vyombo vilikuwa vinagongana kabatini.

Sitaki kuandika. Naandika. Mawimbi marefu kuliko paa la klabu, yamejipanga, laini, moja baada ya jingine, na upepo wa nchi kavu unayachana nywele. Katika maisha yangu nimeona asubuhi ya namna hiyo mara chache sana, na zote nilizitabiri. Hata hii nilikuwa nimeitabiri! Watu wamejazana chini ya ubao wangu, wanasoma kwa sauti, kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Hakuna kitu! Hakuna kitu! Wapiga picha nao wakaja. Miaka mingapi nimetamani watu wausome ubao huu?

Unyoya alikaa mchangani amejifunika taulo, hakutia hata kidole. Kishada akaingia. Peke yake. Akapiga mikono mpaka kwa Jino, akangoja, akaliacha moja likapita, akaliacha la pili, akalipanda la tatu. Alishuka nalo kutoka Jino mpaka mchangani, amesimama, mkono mmoja unagusa ukuta wa maji kama anapapasa ng'ombe. Ufukwe mzima ulipiga kelele. Profesa aliruka ruka, kapoteza kandambili.

Nililia. Mwokoaji akaniuliza, nikasema ni chumvi.

Waamuzi hawakuwepo. Wateuzi hawakuwepo. Walikuwa njiani, wanaiwahi Alhamisi yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Bahari kama sakafu iliyopigwa deki.

Waamuzi wamekaa chini ya miavuli, wamevaa miwani, wanatazama maji. Maji yanawatazama. Mwenyekiti aliniangalia mara moja tu, kwa lile jicho la kuitia mzazi shuleni.

Zamu ya Kishada ikafika. Alikaa juu ya bodi kule nje, miguu majini, uso kaugeuzia upeo wa bahari. Akakaa. Akakaa. Nilimwomba Jino japo moja. Likaja moja la kifundoni, Unyoya akateleza nalo, akazunguka mara mbili, akainama kama anachuma ua. Wateuzi wakapiga makofi. Honi ikalia. Wamemchukua Unyoya.

Upande wa pili wa ufukwe wanafunzi wa Profesa walikuwa wanateleza juu ya zile bodi ndefu, wanacheka, wanasimama, wanaanguka, hakuna aliyeogopa. Walipata siku nzuri kabisa.

Kishada akatoka majini. Nywele zake zilikuwa kavu. Akasimama mbele yangu, akasema, baba, ulijua ni Jumatano. Hakuuliza, alisema. Nikamwambia goti lilinidanganya. Akalitazama goti, akakitazama kitambaa nilichokifunga, akaenda zake.

Ijumaa, 13 Juni

Mwenyekiti kanivua chaki. Alinyoosha mkono tu, nikaiweka. Akampa Profesa. Profesa akakataa! Kasema yeye ana simu lakini hana jicho, mwenye jicho ni Kishada, amekulia juu ya kile kiti mapajani mwa baba yake. Alisema hivyo, baba yake, akanitazama. Anajipendekeza kwangu hata anaponinyang'anya!

Basi ubao ni wa Kishada. Na bodi zake kazihamishia kwa mjomba wake. Nilimsikiliza kwenye ufa anazipanga.

Mke wangu kaniletea habari baadaye, kwa sauti ya kuongea na mgonjwa. Profesa amewafuata wateuzi, amewaonyesha picha zilizopigwa Jumatano. Wamesema wako radhi kurudi mara moja, wiki ijayo, wamwone Kishada kwenye mawimbi makubwa kwa macho yao. Unyoya amepata nafasi yake, lakini nyingine inaweza kupatikana. Watapiga simu klabuni Jumapili kuulizia siku. Ni mara hiyo moja tu, hawarudi tena.

Nimesema vizuri. Nimesema nafurahi. Nafurahi kweli. Ila mbona kila kheri ya nyumba yangu lazima ipitie mkononi mwa huyu bwana?

Jumapili, 15 Juni

Kishada ameandika ubaoni, kwa mwandiko safi kuliko wangu: Jumanne. Makubwa. Upepo wa nchi kavu.

Kiti cha juu hawakunizuia, nikapanda. Nikamtazama Jino. Yanachelewana. Goti linauma vizuri, kama wiki iliyopita. Nikapiga hesabu: Jumanne, haina shaka. Mtoto kaisoma bila simu, bila goti. Kifua kilinijaa. Nilimfundisha mimi! Nikataka kuteremka nikamwambie. Kweli nilitaka.

Nikamwona Profesa anapita chini. Akasoma ubao, akatazama simu yake, akatikisa kichwa kukubali. Akampungia Kishada kule mchangani, kidole gumba juu. Jumanne! Wamekubaliana! Na mimi huku juu kama kunguru.

Nikaingia ukumbini kunywa maji. Hapakuwa na mtu, wote walikuwa wanabeba bodi. Simu ikalia. Ikalia mno, nikaipokea. Mama mmoja mwenye sauti ya kistaarabu akajitambulisha kuwa ni mteuzi. Akauliza, naongea na mtabiri?

Tangu Jumatatu hakuna aliyeniita hivyo.

Nikasema ndiye mwenyewe.

Akasema wanataka siku ya binti yule, waje na gari lao, hawawezi kukaa zaidi ya hiyo siku moja. Niliona Jumanne pale ubaoni kupitia dirishani, imeandikwa vizuri. Nikifungua mdomo niseme Jumanne, nani atasema ni yangu? Itakuwa ya simu ya Profesa. Na ukiitazama kwa jicho la haki, Jumatano haiko mbali na Jumanne.

Nikamwambia Jumatano. Nilisema bila kigugumizi, kwa sauti ya zamani. Wiki iliyopita walinizomea kwa ajili ya Jumatano. Safari hii nimeitaja mimi, wa kwanza, kabla ya mtu yeyote, wacha waone nani anaijua bahari hii!

Akashukuru sana. Akasema ameiandika, ndiyo hiyo hiyo.

Kishada bado sijamwambia. Atajua Jumanne, akiwa kule kwa Jino anawatafuta wateuzi kwa macho.

Hapana. Mawimbi yatachelewa.