Idara ya Wachezaji Waliosahaulika

Haya nimeyapata kwa Gwen Tesar mwenyewe, Novemba iliyopita, katika jiko la kanisa letu, tukikanda unga wa ile mikate midogo ya Kicheki yenye shimo katikati linalojazwa jamu ya plamu. Gwen hana tabia ya kutia chumvi. Hata kwenye unga lazima umkumbushe.

Basi, mwezi wa Juni wa mwaka uliotangulia, Korongo wa Omaha, timu ya kulipwa ya mpira ule wa umbo la yai unaobebwa mkononi, ilitangaza mbele ya kamera kumi na moja kwamba imeunda Idara ya Wachezaji Waliosahaulika. Aliyesoma tangazo ni mkurugenzi mpya wa idara, Bwana Thurlow Pennington, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye tai ya rangi ya ini na tumbo lililomtangulia kama mjumbe.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna kijana wa chuo mwenye kipaji atakayesahaulika bila idhini ya maandishi kutoka ofisini kwangu."

Watu walipiga makofi. Jambo lenyewe lilikuwa la maana. Kila Aprili timu za kulipwa hukutana siku tatu, ndio Uteuzi wenyewe, kuchagua vijana kutoka vyuoni, zikipokezana kwa raundi saba. Wenye majina huchukuliwa siku ya kwanza. Wa vyuo vidogo hubaki kuangalia simu. Korongo walikuwa wameshika mkia miaka minne mfululizo, wakichagua wenye majina kila mara, na mwenye timu, Bibi Hildegard Kessler, mjane wa miaka themanini na nne, alikuwa amesema sasa anataka asiye na jina, labda huyo anajua kucheza.

Gwen alikuwa karani wa idara. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa, kupeleka kahawa na kuitikia, "Sawa, bosi." Lakini Jumamosi alipanda gari lake kuukuu, akachukua blanketi na chupa ya supu, akaenda kwao karibu na mji mdogo wa Ord kutazama timu ya Chuo cha Mtakatifu Prokop. Kule alikuwa ameona kitu, na kitu hicho kilikuwa kinamkosesha raha.

"Bosi," alisema siku moja, "kuna kijana kule Mtakatifu Prokop."

"Kuna chuo kinaitwa hivyo?"

"Kipo, bosi. Miaka tisini sasa."

"Vizuri sana! Sijapata kukisikia. Endelea."

"Anaitwa Ambrose Svoboda. Ni mkingaji. Anasimama mbele ya mrushaji mpira kumzuilia watu wasimwangushe. Misimu minne hii, hakuna aliyepita upande wake."

"Magazeti yanasemaje?"

"Hayasemi kitu. Mkingaji hutajwa akikosea tu, na huyu hajakosea."

"Na filamu?"

"Kamera inafuata mpira, bosi. Yeye kinaonekana kiwiko."

"Kiwiko!" Bwana Pennington aliufurahia mno uchache huo. Akaandika kwa mkono wake: *Picha: kiwiko, kimoja.*

Idara ilikuwa na fomu, kurasa sita, yenye alama mia. Alama arobaini kwa asiyeonwa na skauti yeyote, yaani mtafuta vipaji wa timu. Ishirini kwa asiye na filamu. Ishirini kwa ambaye gazeti halijamtaja. Ishirini za mwisho kwa aliye mzito wa kukimbia yadi arobaini, maana mwenye mbio, idara ilifafanua, hujitangaza mwenyewe. Ambrose alipata themanini na tano. Hakuna aliyemkaribia nchi nzima.

Gwen alimpigia simu mama yake Ambrose, Lorna Svoboda, kumpa fununu. Lorna akamwambia ukweli wa nyumbani: Ambrose anamaliza chuo Mei, na mlango huu wa Aprili ukifungwa hakuna mwingine. Mjomba wake Emil amekwisha kumwandalia trekta, na ni mjomba mwema, tena shamba ni zuri.

"Mtoto halalamiki," Lorna alisema. "Ila nimemkuta zizini anajizoeza kukinga, Gwen. Anamkinga fahali."

"Na fahali anapita?"

"Fahali amekata tamaa. Siku hizi akimwona anageuka."

Ikabaki hatua moja. Fomu ilitaka barua ya skauti kuthibitisha kwamba kijana kweli amesahaulika. Akatumwa Skauti Umland, mzee mkavu aliyetembea viwanja vyote vya nchi tambarare na hakuwa na kawaida ya kushangaa. Alirudi Jumatatu uso umembadilika kama mtu aliyepewa habari ya mwisho wa dunia na kuipenda.

"Nimemwona," alisema.

"Umemwona?" akauliza Bwana Pennington.

"Kwa macho haya! Walimjia wawili. Akamkamata mmoja huku, mwingine huku, akawaweka chini polepole, kama mama anayepanga vikombe kabatini. Halafu akawauliza kama wameumia."

Bwana Pennington akaweka kalamu chini. "Gwen, mpunguze alama arobaini."

"Za nini tena, bosi?"

"Kaonwa na skauti."

"Skauti wetu! Si wewe uliyemtuma?"

"Fomu haiulizi skauti ni wa nani."

"Na Umland asingeenda?"

"Tusingekuwa na barua. Asiye na barua hapokelewi."

"Sasa huyo kijana afanye nini?"

"Astahimili," alisema Bwana Pennington kwa upole. "Kusahaulika ni kazi ya muda mrefu. Wengi wanakata tamaa mapema, ndiyo maana wanaonekana."

Umland aliomba basi aandike kwamba hakumwona. Akaambiwa huo ni uongo, na idara haitajengwa juu ya uongo. Akavaa kofia yake akatoka, na Gwen akamsikia ngazini akiuambia ukuta neno ambalo hakukubali kulirudia mbele ya unga wa kanisa.

Utaratibu huo ulifanya kazi kwa haki mwaka mzima. Kila kijana aliyependekezwa alitumiwa skauti, na kila aliyetumiwa skauti alikatwa arobaini. Kufikia Machi idara ilikuwa na vijana mia mbili na kumi na wawili, wote walioshindwa. Bwana Pennington akapewa nishani na chama cha wakurugenzi wenzake.

Gwen hakuchoka. Alimtaja Ambrose Januari, akamtaja Februari, akamtaja wakati wa kumwaga kahawa na wakati wa kuipangusa. Mara ya nne Bwana Pennington alikunja uso, akatunga Kanuni ya Tisa: siku ya mwisho ya Uteuzi, jina lililo juu ya orodha litatoka kwenye kompyuta ya idara na kwenda lenyewe hadi mezani kwa Ligi, wasimamizi wa timu zote, bila kuguswa, kusomwa wala kutajwa na mtu yeyote wa ofisi hiyo, ili kukomesha upendeleo wa makarani. Bibi Kessler akaletewa kanuni akaisaini. Aliuliza swali moja tu: "Na wewe inakufunga, Thurlow?"

"Mimi kwanza kabisa, Bibi."

Wiki hiyohiyo ilikuja semina ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kujaza fomu. Bwana Pennington akataka mfano.

"Weka jina langu," alimwambia Gwen. "Watu wasije kusema idara inaogopa fomu yake yenyewe."

Gwen akaketi kwenye mashine, yeye akasimama akijibu kwa fahari. Ameonwa na skauti wangapi akicheza? Hakuna. Filamu? Hakuna. Magazeti kumsifia uwanjani? Hakuna. Yadi arobaini? Alifikiri kidogo akasema inategemea kuna nini mwishoni. Nafasi anayocheza? "Mkurugenzi." Alipata alama tisini na nane. Zile mbili alizikosa kwa sababu shangazi yake aliwahi kumpiga picha ameshika mpira, akiwa na miaka sita.

Kwa sheria ya idara, karatasi yoyote yenye alama ilipaswa kuingizwa jaladani na kwenye orodha ya kompyuta. Gwen akaiingiza, bila barua ya skauti, maana mwenye kuidai barua hiyo alikuwa bosi mwenyewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya raundi za mwisho, Gwen alipitia jalada akaona lililokuwamo. Akaenda mbio. Alimkuta bosi mbele ya kioo akijizoeza hotuba ya kushukuru.

"Bosi, kuna karatasi moja haifai kuwemo."

"Ni ya yule Svoboda?"

"Hapana, hii ni ya..."

"Gwen! Kanuni ya Tisa."

"Lakini bosi, ukisikia jina lenyewe..."

"Nikisikia nimeshashawishiwa! Unataka mkurugenzi mzima aingilie mashine kwa sababu karani hapendi jina fulani?"

"Si kwamba silipendi. Nimelizoea tu."

"Toka, mama. Funga mlango."

"Sawa, bosi," Gwen akasema. Akatoka, akafunga. Aliniambia alisimama nje ya mlango ule muda wa kuhesabu hadi ishirini, akimpa nafasi ya kumwita. Hakuitwa. Kwa hiyo akaenda kula chakula cha mchana.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bibi Kessler aliketi mstari wa mbele na mkoba magotini. Huko Ord, kwa kina Svoboda, sufuria la maharage na nyama lilikuwa mezani na mikate ya mdalasini pembeni yake, kama tunavyokula huku tangu shuleni, na katikati ya meza simu imelazwa kama mgonjwa. Raundi ya nne ikapita. Ya tano. Ya sita. Mjomba Emil akala bakuli la tatu kwa ajili ya wasiwasi. Ambrose hakula.

Saa kumi alasiri, afisa wa Ligi alipanda jukwaani na kadi ya mwisho ya raundi ya saba.

"Korongo wa Omaha wanamchagua..." Akatazama kadi. Akaitazama tena. "Thurlow Pennington. Nafasi: mkurugenzi."

Ukumbi ukanyamaza, lakini televisheni hainyamazi. Wale mabingwa wa uchambuzi wana sheria yao: haijapata kutokea mchezaji wasiyemfahamu.

"Huyu nimemfuatilia sana," akasema wa kwanza bila kupepesa. "Hana haraka. Anasubiri mchezo umjie."

"Kitovu chake cha uzito kiko chini," akasema wa pili. "Humsukumi kirahisi."

Bwana Pennington alikuwa ameshasimama na tabasamu la kamera. Tabasamu likabaki usoni, mwenyewe akaondoka. Vijana wa Ligi wakamvika kofia ya timu kama desturi, wakamwekea jezi kifuani, wakampiga picha.

"Futeni!" alipiga kelele. "Ni karatasi ya mfano ile!"

"Ligi haifuti, bwana," afisa akajibu. "Jina likisomwa limesomwa."

Akamkimbilia mwenye timu. "Bibi Kessler, niachie basi. Una uwezo huo."

"Nikuachie?" Bibi Kessler akamtazama toka kofia hadi viatu. "Mwaka mzima unaniambia idara itanitafutia lulu ambayo hakuna aliyeiona. Leo nimeipata, unataka niitupe?"

"Mimi ni mkurugenzi!"

"Mchezaji hana ofisi, Thurlow. Kambi ni Julai, saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe, kocha ana mdomo mchafu." Kisha akamgeukia Gwen, aliyesimama pembeni. "Na wewe unayeniletea kahawa. Nani hasa ulikuwa unamtaka?"

"Ambrose Svoboda," Gwen akasema. "Mtakatifu Prokop. Mkingaji."

"Umemwona akicheza?"

"Mara thelathini na nane."

"Sasa unasimama hapa unafanya nini? Mpigie!"

Maana ndivyo ilivyo: Uteuzi ukiisha, aliyeachwa ni huru, timu yoyote inaweza kumwita naye akachagua. Gwen alipiga, simu ina mtu. Akapiga tena, ina mtu. Skauti Umland, aliyekuwa ameacha kazi Februari, alikuwa amepita viwanja vyote akisimulia habari za vikombe, na sasa timu mbili zilimtaka kijana kwa pamoja. Gwen alisema moyo wake ulidunda kuliko siku ya harusi yake. Mara ya nne akapokea Ambrose mwenyewe.

"Dada Gwen, kuna watu wawili wa timu nyingine nyuma yako wanasubiri," alisema kwa upole wake. "Nimewauliza wote swali moja. Wameniona nikicheza? Wanasema wamesoma takwimu. Mkingaji ana takwimu gani?"

"Mimi nilikuwepo siku ya theluji," Gwen akasema, "mlipocheza na wale wa Kearney. Namba sabini na saba wao alitaka kupita chini, ukapiga goti kabla yake. Hakuna aliyeona. Watu wote walikuwa wanatazama mpira."

Nyuma alisikika mjomba Emil akiuliza, "Wanasemaje? Wanasemaje?" na Lorna akimwambia, "Nyamaza we mzee, kula!"

"Nakuja," Ambrose akasema. "Lakini nipe siku nne. Mahindi ya mjomba hayajapandwa, na mvua inakuja Alhamisi."

Julai kambi ikafunguliwa. Bwana Pennington alifika saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, maana mtu wa ofisi hachelewi. Walimpima kiganja, wakampima mruko, wakaupima tena mruko wakidhani kipimo kimekwama. Kisha kocha akampanga mbele ya Ambrose, apite. Ambrose alimnyanyua makwapani, akamsogeza kando kama unavyomhamisha kuku anayeatamia, akamwuliza kama ameumia.

"Huyu ni nani?" Bwana Pennington akauliza, akitweta. "Mbona sikuwahi kuambiwa habari zake?"

Gwen alikuwa ukingoni mwa uwanja na jalada la idara, ambayo sasa ilikuwa yake na ilikuwa na fomu ya nusu ukurasa. Alikuwa anatazama.

Saa saba mchana wote walikuwa hoi kwa joto. Bibi Kessler alisinzia kwanza, kwenye kiti cha kivuli, kinywa wazi. Ambrose alijilaza kwenye majani, kofia ngumu ya mchezo chini ya kisogo, akalala palepale kama mtu wa shamba. Gwen akafumba macho kidogo tu, kwa mujibu wake. Akabaki Bwana Pennington juu ya meza ya kukandwa misuli, barafu kwenye magoti yote mawili, akimwamuru mkandaji achukue kalamu aandike waraka kwa uongozi. "Kwa kuzingatia," alianza, "kwamba mchezaji aliyetajwa hapo juu..." Mkandaji akasubiri neno linalofuata, kalamu hewani, mpaka aliposikia mwenye waraka anakoroma.