Sifa za Bastola ya Kijivu

Jumapili, 5 Oktoba

Nafasi ni moja. Moja! Abla Shaikha, kocha wetu wa shabaha, ametangaza leo asubuhi uwanjani: msichana mmoja tu wa Ibra ataingia timu ya Maskati, na anayeingia timu anapewa kazi ya serikali, yenye kadi ya shingoni yenye picha. Kulikuwa na wasichana kumi na moja. Amekwisha kuwachuja. Tumebaki wawili, mimi na Maram.

Maram ni binti wa khalati yangu, dada wa Mama. Kwao Sur. Tangu Agosti anakaa kwetu ili apate kufanya mazoezi hapa, katika chumba changu, juu ya kitanda changu cha dirishani. Mimi nalala chini kwenye godoro. Mgeni ni mgeni. Mama anasema godoro linanyoosha mgongo. Mgongo wangu haukuwa na tatizo lolote.

Nikiikosa nafasi hii, ni Bidbid. Alama zangu za skuli hazikutosha chuo, na Baba ameshasemezana na Ami Khalaf. Ami ana duka la matangi ya maji pale njia ya Ibra inapoiacha barabara ya Nizwa, na anataka binti wa kupokea simu. Niliyaona matangi hayo Idi iliyopita. Meupe, yamepangwa juani, mengi kuliko watu wa mtaa wetu. Siku ile sikuweza kula.

Naandika haya kwa Kiswahili alichonifundisha Bibi. Maram anajua Kiswahili cha chai na mkate tu. Hapa niko salama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Klabu imeletewa bastola mbili, zote za kujipakia zenyewe, risasi tano katika kila kasha. Mimi na Maram kila mmoja atachagua ya kwake kwa mashindano ya Jumapili, na namba yake itaandikwa kwenye kibali mbele ya jina. Ikishaandikwa haibadilishwi.

Kwanza lakini Abla anataka ripoti ya kuzilinganisha. Akasema mbele ya watu wote kwamba ataiandika Wijdan, yaani mimi, kwa sababu Wijdan ana mwandiko mzuri na hajui kusema uongo. Masikio yaliniwaka moto. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa sauti ya juu namna ile.

Nimezipiga zote mbili, risasi hamsini kila moja, mita ishirini na tano. Ya kijivu ni mpya, inang'aa, mpini wa mbao uliochongwa kufuata vidole. Wasichana wote wameishika wakapigwa picha. Takataka! Kifyatulio chake kinavutika kama mtoto wa meza aliyebana nguo. Matundu yametapakaa kwenye karatasi nzima. Ganda limekwama ndani mara nne.

Nyeusi ni kuukuu. Rangi imebanduka mdomoni na mpini wake umefungwa plasta. Hakuna aliyeitazama. Lakini uzito wake unautuliza mkono, kifyatulio kinakatika safi kama kijiti kikavu, na matundu yote hamsini ningeyafunika kwa kisahani cha chai. Haikukwama hata mara moja. Niliishusha mezani polepole, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kuonekana.

Mwenye Nyeusi ndiye atakayekwenda Maskati. Mimi najua. Maram hajui.

Tatizo ni kwamba yeye ndiye atakayechagua kwanza. Mgeni ni mgeni.

Jumanne, 7 Oktoba

Ripoti tayari. Kurasa mbili, wino wa buluu, sahihi yangu chini. Nimeandika kwamba ya kijivu ni laini, ni nyepesi, imeumbwa kwa mkono wa msichana, na *haikwami hata mara moja*. Hilo nimelipigia mstari. Nyeusi nimeipa sentensi tatu tu: nzito, inachosha, inafaa makumbusho.

Nimetubu kabla ya kuandika na nimetubu baada ya kuandika. Katikati niliandika haraka.

Abla alinitaka niisome mbele ya wote. Mimi! Skuli sikuwahi kunyoosha mkono hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Sauti ilitetemeka, karatasi ilitetemeka. Walidhani ni mapenzi ya bastola. Abla aliitia ripoti kwenye faili lake la kijani, akasema laiti kila klabu ingekuwa na Wijdan mmoja.

Maram alikuwa ananitazama mimi. Bastola hakuitazama kabisa. Dalili nzuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo soko la wanawake. Nimewapeleka Bibi Mabruka na Maram kwa gari la Mama. Nikaona nisiache kazi nusu. Njiani kwenda, nikaisifu ya kijivu. Kwenye vitambaa, nikaisifu. Kwenye ubani, Bibi akipatana na muuzaji, nikamwambia Maram sikioni kwamba jana nimeiota.

Bibi alinigeukia. Akauliza kwani bastola hiyo imenizaa mimi? Na mbona tangu asubuhi nasifu, nasifu, na mashallah sijaisema hata moja? Akasema basi nimeshaitia jicho bastola ya watu, isilaumiwe ikiharibika. Muuza ubani akatikisa kichwa, akatutilia kipande cha ziada tuifukize.

Njia nzima ya kurudi Maram alitazama dirishani. Anafikiri. Sumu inaingia! Alikuwa amenunua vibanio viwili vya nywele, kimoja cha lulu, kimoja cha plastiki. Akanipa cha lulu. Mjinga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Abla alizipanga juu ya meza akamwambia mgeni atangulie. Maram akasimama mbele ya ya kijivu. Akaugusa mpini wake kwa kidole kimoja. Moyo wangu ulikuwa unasema ichukue, ichukue. Kisha akanyoosha mkono akachukua Nyeusi.

Nilidhani amekosea. Akageuka akatoa hotuba! Alisema ameishi kwetu miezi miwili, amelala kitandani kwangu, hajasikia neno baya. Akasema yeye mwenyewe tangu Jumatatu alikuwa anaitamani ya kijivu, amekwishamtumia mama yake picha yake. Lakini ameona ninavyoipenda. Ataitoaje kinywani mwangu? Wasichana wakasema mashallah kwa pamoja. Mmoja alilia.

Nikasema haiwezekani, wewe ni mgeni. Akasema wallahi utaichukua. Nikasema wallahi wewe. Akasema wallahi mara tatu, na ya tatu akapiga meza. Mimi nina sauti ndogo, siwezi kushindana na mtu wa Sur kwa viapo. Abla akasema khalas, basi, kiapo kimeshapita, akaziandika namba.

Kwa hiyo angeichukua mwenyewe! Ningenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi pekee ninayoiweza tangu nizaliwe, na wiki niliyotakiwa ninyamaze ndiyo wiki niliyosema.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango mpya. Bibi. Hakuna kiapo cha msichana kinachosimama mbele ya Bibi.

Baada ya chakula cha mchana nimemwamkia shikamoo kwa mara ya pili leo (alinitazama kwa wasiwasi), nikamkandakanda miguu, nikamweleza polepole. Kwamba mgeni wetu amepewa kitu kikuukuu, chenye plasta. Kwamba mimi mwenyeji nimekaa na kipya. Kwamba watu wa Sur watasemaje?

Bibi alikubali! Alisema ni aibu kubwa, na kwamba kumbe mtoto huyu ana adabu, alikuwa ananidhania kitu kingine. Moyo ulipaa. Akamwita Maram. Akamwambia kiapo hakivunjwi, mwanangu, umeapa umeapa. Lakini aibu lazima tuifute kwa kitu kipya.

Akafungua kabati langu akampa abaya yangu mpya. Ile ya mikono iliyotariziwa fedha. Niliyoiweka kwa Maskati.

Maram alikataa mara mbili, kama inavyopasa. Mara ya tatu akaipokea. Imemkaa vizuri kuliko mimi, kila mtu amesema. Nimesema na mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mazoezi ya mwisho. Nimepiga risasi mia kwa ya kijivu. Imekwama mara sita. Nimejifunza kukivuta kile kifyatulio kwa upole, pole, pole, kama mtu anayeongea na ng'ombe. Matundu yameanza kukaribiana. Baba alikuja kunichukua akatazama karatasi yangu kwa muda mrefu. Kisha aliikunja akaitia mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake. Kwenye gari akasema Ami Khalaf amepiga simu, na yeye amemjibu kwamba tusubiri kidogo, huenda binti akapata.

Huenda binti akapata. Baba amesema hivyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Risasi thelathini, makundi sita ya tano tano.

Hadi kundi la tano nilikuwa mbele ya Maram kwa pointi nne. Nne! Kwa takataka ile! Sikumtazama yeyote. Niliongea na ng'ombe wangu tu.

Kundi la mwisho, risasi ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Ya tatu, ganda likakwama. Nikaiweka bastola chini, nikanyoosha mkono kama kanuni inavyotaka. Kanuni ya klabu iko wazi: kosa likiwa la silaha, unarudia kundi lote. Likiwa la mkono, zilizobaki ni sifuri.

Abla akaja. Alinihurumia, niliona. Akasema tuthibitishe kwa maandishi ili asiseme mtu kwamba anapendelea. Akafungua faili la kijani. Akasoma kwa sauti, mbele ya Baba, mbele ya Mama, mbele ya watu wote waliokuja na thamosi zao za kahawa: *haikwami hata mara moja*. Akaonyesha na mstari.

Akaniuliza kama ripoti ni ya kweli. Kama ni ya kweli basi ni mkono mlegevu, haukuishika sawasawa ikajirudisha vibaya, hutokea. Kama si ya kweli, niseme, narudia kundi.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Niliwatazama. Abla alikuwa bado anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua kwamba Wijdan hasemi uongo. Baba alikuwa ameuweka mkono mfukoni, pale ilipo karatasi yangu ya jana.

Nikasema ni mkono.

Sifuri tatu. Maram alimaliza na Nyeusi bila kukwama, matundu yake yote yangefunikwa na kisahani. Alipotajwa, alinikimbilia akanikumbatia akalia kuliko mimi. Alisema angejua, asingekubali kuniachia mzigo wa bastola nyepesi, kumbe nyepesi inataka mkono mzito. Akafuta machozi kwa mkono wa abaya yangu. Fedha ya tarizi imenikwaruza shavu.

Bibi alisema alijua. Ni jicho.

Jumatano, 22 Oktoba

Bidbid. Siku ya tatu.

Nalala kwa Ami Khalaf, kitanda kirefu, sina mgeni. Matangi nimeshayahesabu hadi mia mbili na kumi nikaacha. Maram ametuma picha yake kutoka Maskati, kadi shingoni. Picha imetoka vizuri. Nimemjibu mashallah, safari hii sikusahau.

Nimefikiri sana kosa langu la Ibra lilikuwa wapi, na leo nimelipata. Niliandika. Bila ile karatasi, Abla angesoma nini? Mwandiko mzuri ndio ulioniponza. Mtu mwenye mpango hatakiwi kuacha sahihi.

Imekuja kwa wakati wake, kwa sababu Ami ameajiri binti mwingine, Hala, wa Nizwa. Meza ni mbili. Moja ipo chini ya kiyoyozi. Nyingine ipo mlangoni kwenye kioo, inapigwa na jua toka asubuhi, malori yanapita, vumbi linaingia, na kila anayeuliza tangi anaanza na wewe. Ami amesema tupatane wenyewe hadi kesho. Hala amenizidi mwaka mmoja, basi atachagua yeye kwanza.

Hala amesema baridi ya kiyoyozi inamuumiza kichwa, na kwamba anapenda kukaa anapoona watu. Amesema tu hivyo, bila kuulizwa.

Lakini siwezi kubahatisha maisha yangu kwa kichwa cha mtu. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri nimeisifu meza ya mlangoni. Mwanga wake. Hewa. Jinsi unavyoiona milima. Nimemwambia nimeiota. Kwa mdomo tu, hakuna karatasi!

Hala amenisikiliza kwa makini, hajanikatiza hata mara moja. Mwishoni alinishika mkono akasema hajawahi kumwona mtu anayependa meza namna hii. Ana moyo mzuri sana, maskini.

Kesho anachagua.