Gari la Wikendi la Papa Révérien

Toussaint alimwona Papa Révérien kabla Papa Révérien hajamwona yeye, na katika kazi ya Toussaint hiyo ni nusu ya ushindi.

Mzee alikuwa amesimama kando ya barabara pale Kasenga, mjini Uvira, mbele ya gari la mtu, mikono mgongoni. Viatu vyake vilikuwa vimepakwa rangi asubuhi na vumbi la Sange mchana. Alilitazama gari lile jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani: kwa heshima, na kwa wivu kidogo.

"Papa, usiiangalie sana hiyo," Toussaint alisema akimkaribia. "Iko inaona haya."

"Ni ya kwako?"

"Ingekuwa yangu ningeshaificha. Weye unatafuta gari ya kazi ao ya kupumzika?"

Papa Révérien alimpima toka juu hadi chini. Toussaint alisimama wima apimwe vizuri. Alikuwa komisyonere, yaani dalali: hakuwa na gari, hakuwa na nyumba, hakuwa na kiwanja, lakini vyote hivyo alikuwa akiviuza.

"Ya wikendi," mzee alisema. "Siku za kazi minye niko mu mashamba yangu ya mpunga, gari ya nini? Lakini siku ya posho, Jumamosi, nataka kitu chenye starehe. Muntu akiingia na nguo kubwa asikunjike. Na iwe na nguvu, ipande njia ya Rurambo bila kusukumwa. Mama Jolie amesema bei ni elfu saba ya dola. Ikipita hapo, amesema nitalala mu hiyo gari."

"Rangi?"

"Nyeupe. Na honi, isikike mbali."

Toussaint alikuwa amekutana na wateja wanaouliza mafuta, wengine matairi, na mmoja aliyeinama akanusa bomba la moshi. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza honi kabla ya injini. Moyo wake ukajaa shukrani kwa Muumba, ambaye huwapa wengine pesa na wengine akili, ili wakutane barabarani.

"Papa," alisema kwa sauti ya chini, "iko Prado moja nyeupe. Ya daktari. Amehamia Ulaya na anauza haraka. Alikuwa anaitoa siku ya Mungu tu, kanisani na kurudi. Ile gari inajua hata nyimbo za misa."

"Kwa elfu saba?"

"Kwa sababu ni weye."

Mzee alifikiri. "Minye sinunui ng'ombe bila kumwona anatembea. Gari ya wikendi inajaribiwa wikendi. Siku ya posho asubuhi uilete Sange kwangu. Mama Jolie aikalie. Akisema ndiyo, nusu ya bei unaipata papo hapo, mu mikono."

Wakaagana kwa mikono miwili, kama watu waaminifu.

Prado ilikuwepo kweli, uongo ulikuwa huyo daktari. Ilikuwa ya Frédéric, mtu mpole wa Kavimvira aliyekodisha magari kwa harusi, kwa misiba na kwa wageni wenye haraka. Njia ya Toussaint ilikuwa rahisi na alikuwa ameshaitumia: anakodi gari, analionyesha kwa mteja wa mbali, anapokea avansi, yaani malipo ya mwanzo, anarudisha gari, kisha anatupa namba ya simu. Mama Ornella, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Baraka, alikuwa ametoa avansi yake mwaka uliopita, na inasemekana kila boti ilipotia nanga kule Baraka bado alikuwa akitoka kwenda kuangalia kama imebeba gari.

Tatizo lilikuwa dhamana. Frédéric hakukodisha bila dhamana, na Toussaint alikuwa na kitu kimoja tu duniani kilichokuwa chake kwa haki: moto yake nyekundu, pikipiki aliyoinunua kwa pesa za jasho wakati alipokuwa bado akibeba abiria. Kila Jumapili aliishusha ziwani akaiosha kabla ya kujiosha mwenyewe. Bila moto ile alikuwa ulimi tu, na ulimi hauna magurudumu.

"Mpaka saa ngapi?" Frédéric aliuliza Ijumaa, wakati Toussaint anahesabu mbele yake pesa zake zote za akiba.

"Saa saba mchana narudi."

"Ikipita saa saba?"

"Moto inakuwa yako. Lakini haitapita."

Frédéric akamwita mke wake kutoka jikoni, akamwomba Toussaint aseme tena maneno hayo mbele yake. Toussaint akayasema tena, kwa tabasamu. Watu wapole, aliwaza, wanapenda kusikia kitu mara mbili.

Jumamosi alilijaza tangi mafuta, akavaa miwani nyeusi, akashika barabara ya Kiliba. Kwenye kizuizi walimwomba kitu kidogo akatoa bila kubishana, kama tajiri. Prado iliteleza juu ya mashimo kama mtumbwi, na kabla ya kufika Sange alikuwa ameshaitumia ile nusu ya bei mara mbili kichwani mwake.

Nyumbani kwa Papa Révérien alikuta turubai limetandazwa juu ya uwanja mzima. Kreti za bia na za limonadi zilikuwa zimepangwa hadi dirishani. Wanawake walikuwa wakikoroga masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake, na mbuzi wawili walikuwa tayari wameacha kuwa mbuzi.

Mtu wa nchi nyingine angejiuliza. Toussaint hakujiuliza, kwa maana alizaliwa Uvira, na Uvira kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Ukinunua simu, jirani anauliza: tunaarose lini, tunainywea lini? Ukipata diploma, unaarose. Mtu akipaka nyumba rangi, watu wanafika na bilauri zao. Sasa gari, tena Prado, ingeingiaje kwa limonadi moja? Machozi yalimkaribia. Mzee hajaikalia bado na ameshachinja.

Aliposhuka, vigelegele vilipasua anga. Vijana wakaizungushia Prado riboni na maua, wakafunga kuanzia kwenye boneti hadi kwenye vioo vya pembeni.

"Papa, hata bado hamjalipa," Toussaint alinong'ona kwa adabu.

"Mama Jolie anataka kuiona ikiwa imevaa," Papa Révérien alijibu.

Mama Jolie, ambaye ubatizo ulimpa jina la Marie-Rose, alikuja akiwa amefunga kilemba kirefu kuliko saburi ya mumewe. Aliingia kiti cha nyuma, akajirusha-rusha mara kadhaa, akasikiliza.

"Iko laini," alisema. "Lakini minye peke yangu si kipimo. Tungoje mwenye nguo."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka msichana wa kiasi cha miaka ishirini na minne, mwembamba, ndani ya gauni jeupe lililohitaji wanawake wanne kulibeba. Gauni lilianza kuingia kwenye gari, likaendelea kuingia, na Toussaint alisimama ameshika mlango mpaka pindo la mwisho likaingia.

"Papa," alisema, "huyu ni nani?"

"Ni Jolie, wetu wa kwanza. Anaolewa leo. Si nilikuambia, muntu mwenye nguo kubwa?"

"Hukuniambia ni harusi."

"Na weye hukuuliza wikendi ni ya nini."

Toussaint alitazama saa. Haikuwa hata saa nne. Akapiga hesabu yake haraka: misa, ndiyo ya Mama Jolie, nusu ya bei mikononi, Uvira kabla ya saa saba. Kukataa ni kufukuza mteja mwenye mbuzi wawili sufuriani. Akaketi kwenye usukani, akaitia gari moto, akapiga honi. Ilisikika mbali, kama ilivyoagizwa.

Misa ilikuwa ndefu, kwa sababu padri aliwapenda maharusi. Walipotoka Toussaint alikuwa bado na muda, kama angeondoka hapohapo. Alimwona Mama Jolie anakuja, akafungua kinywa kuuliza jibu lake, lakini sauti ndogo kutoka kiti cha nyuma ikamtangulia.

"Papa shofa."

Aligeuka. Jolie alikuwa ameinamia mbele, maua mikononi. Mume wake mpya alikaa kando yake, amezama kwenye gauni hadi kifuani.

"Bibi yangu iko kule juu, njia ya Rurambo. Miguu imekufa, hakuweza kushuka. Alisema kama hataniona na hii nguo, atajua nimeolewa kwa habari tu. Iko karibu. Naomba."

Kwa kweli haikuwa karibu. Toussaint alijua, na alijua pia jibu la mtu mwenye akili. Lakini kuna macho ambayo hata komisyonere hajui pa kuyaweka. Akaingiza gia ya mlima.

Prado ilipanda. Ilipita kwenye mawe, ikapita kwenye mkondo wa mvua, ikapita kati ya ng'ombe ambao hawakuona sababu ya kusogea kwa ajili ya harusi ya watu wa chini. Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka. Jolie hakuweza kutoka bila wanawake wake wanne, hivyo Toussaint aliisogeza gari hadi dirisha likafika mbele ya uso wa bibi kizee. Kisha, bila kuambiwa, akazima injini ili wasikilizane.

Bibi alilipapasa gauni lote, kipande kwa kipande, kama anayetafuta kitu alichokiacha humo. Akaweka mikono juu ya kichwa cha mjukuu wake, akasali kwa Kirundi, sala ndefu, akiwataja wafu wote wa ukoo na kuwaomba wasogee waone. Saa saba ilipita wakati bado yuko kwa marehemu wajomba. Toussaint aliiona inapita. Hakuwasha injini.

Aliporudi Sange na kuingia chini ya turubai kutafuta avansi yake, mtu wa kwanza aliyemwona kwenye meza ya heshima, amevaa suti, anachambua miiba ya samaki wa mukeke, alikuwa Frédéric. Kando ya Frédéric alikaa Mama Ornella wa Baraka.

Toussaint aligeuka kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kitu garini.

"Shofa," Frédéric aliita, "karibu. Kula kwanza. Samaki iko ya moto."

"Frédéric. Weye... uko hapa?"

"Jolie ni mtoto wa dada yangu. Ningekuwa wapi?"

Toussaint akamgeukia Papa Révérien kwa tumaini la mwisho lililobaki. "Papa, na gari? Mama amesemaje?"

Mama Jolie ndiye aliyejibu, akimpakulia wali. "Starehe iko nayo. Nguvu iko nayo, hata mama mkwe wangu ameona. Lakini ninunue gari ya kaka yangu kwa komisyonere? Watu wa Sange watanicheka mpaka Pasaka."

"Sasa si mungeikodi kwa kaka yenyewe?"

"Kaka iko na bei kali."

"Udugu ni udugu, biashara ni biashara," Frédéric alisema bila kuinua macho. "Dada alitaka gari, minye nilitaka kulipwa. Nikamwambia, iko muntu mmoja Kasenga, yeye analipaga bila kulalamika. Na mafuta anaweka."

Meza nzima ilicheka, hata mzee mmoja kiziwi aliyekuwa akiitikia tu. Toussaint alifikiri kupiga kelele kwamba ameibiwa. Lakini mtu anayetaka kulia kwamba ameibiwa lazima aieleze habari tangu mwanzo, na mwanzo wa habari hii alikuwa daktari aliyehamia Ulaya.

"Na moto yangu?" aliuliza, na mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na asali.

"Saa saba ilipita," Frédéric alisema. "Ungesema mara moja tu, ningekusamehe. Ulisema mara mbili."

Mama Ornella akapangusa vidole, akaingiza mkono kifuani, akatoa funguo. "Frédéric amekuja nayo, na saa saba ilipopita akaniachia. Ile gari uliyonionyesha ilikuwa yake; nilikuja kwake kuiuliza, akaniambia ningoje harusi. Minye niliombaga Mungu gari. Ameanza na magurudumu mawili, nasema asante."

Toussaint alikula. Alikuwa na njaa, na samaki alikuwa mtamu, jambo lililomuumiza zaidi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima ya Uvira, Frédéric aliondoka na Prado imejaa wajomba. Hapakubaki nafasi hata ya miwani nyeusi. Barabarani moto nyekundu ilikuwa inanguruma, Mama Ornella juu yake, kitenge amekikaza, anawahi boti ya kesho.

"Panda," alisema. "Hata kama uko mwizi, siwezi kukuacha hapa kwa watu."

Akapanda nyuma, mahali ambapo hakuwa amewahi kukaa tangu aimiliki. Mama Ornella aliendesha kwa gia ya kwanza. Injini ililia, na Toussaint alilia nayo moyoni.

"Mama, badilisha gia. Unaiumiza."

"Niko najifunza."

"Ingiza ya pili. Pole. Pole kwanza, mama."

Waliendelea hivyo katikati ya mashamba ya mpunga. Upepo wa jioni ulimpiga usoni, mateso yakapungua kidogo, na kama mguu uliolala ganzi unavyoanza kuamka, ulimi wake ukaanza kumtekenya.

"Mama Ornella," alisema sikioni mwake, "kule Baraka njia ni mchanga mutupu. Hii moto itakusumbua. Na weye mama wa heshima, muuza ndagala, moto ya nini? Sasa minye najua muntu mmoja, mu Kasenga palepale, analipa vizuri, mukononi—"

Mabega ya Mama Ornella yakaanza kutikisika.

"Frédéric alisema utaanza kutafuta mnunuzi tukishapita Kiliba," alisema. "Minye nikamwambia, hapana, hata Kiliba hatafika."

Akacheka mpaka moto ikayumba upande huu na upande ule, mbele yao lori la muhogo likasimama ghafla, na Toussaint akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, maana kati ya watu wote wa bonde lile ni yeye peke yake aliyejua kwamba ile breki hushika ikitaka yenyewe.