Mbuzi wa Ukwe na Abakosi ya Tata Kabeya

Wenzangu, leo nimeaibika mpaka nimerudi nyumbani kwa kupita nyuma ya soko, nisikutane na mtu.

Mnajua namtaka Ngalula. Mnajua pia mdomo wangu (msijifanye hamjui). Kwangu kila kitu ni ajabu. Treni ya Mutshatsha ikiwahi, ajabu. Sombe ya majani ya muhogo ikiiva vizuri, ajabu. Baba yake, Tata Kabeya, ni mtu wa kupima maneno. Mara ya kwanza nilipokwenda kwake alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mutoto, kwako kila kitu iko ajabu. Siku utaona ajabu ya kweli, utaiita namna gani?"

Ngalula akanionya: nikilitamka tena neno hilo mbele ya baba yake, nitafute mke kwingine.

Basi wiki nzima sikutulia. Natembea, nasema peke yangu, natafuta maneno ya kuweka mahali pake. Shani. Kioja. Muujiza. Nilimsumbua hata katekista wetu, akanieleza kwamba muujiza ni wa Mungu, shani ni kitu adimu cha kupendeza, na kioja ni jambo la kushangaza watu, mara nyingi kwa kicheko. Nikayashika yote.

Leo nikaenda na mbuzi wa ukwe. Alifika jana kwa treni na hakuwa amekula kitu (kumlisha nilisahau, kichwa kilijaa shani na vioja). Nikamfunga uani kwa mikono yangu mwenyewe. Ndani, Tata Kabeya aliligeuzia dirisha mgongo, mimi nikalielekea. Kwetu anayeposa hainuki kitini bila ruhusa, wala hamkatizi mzee. Tata akaanza kunieleza ukoo wao tangu Kasai.

Hapo nikamwona mbuzi wangu anapita, kamba inaburuzika nyuma. Mbele yake, kwenye waya wa kuanikia nguo, abakosi mpya ya Tata, suti aliyoshonesha kwa ajili ya sherehe ya kazini kesho. Mbuzi akaonja mkono wa koti.

Nikaanza kujipindapinda kitini. Niseme nini? Shani? Hapana, haikupendeza hata kidogo. Muujiza? Mungu hakuhusika. Kioja? Nitakuwa nimemcheka mzee na suti yake. Wakati nachagua, kola ikaenda. Jasho likanitoka. Mwishowe nikashika upole.

"Tata, pole. Pale inje kuko kakitu kadogo."

"Kama iko kadogo, itangoja," akasema, na niliona wazi kwamba kwa mara ya kwanza amenipenda. Akarudi kwa babu wa babu yake.

Simulizi ilikuwa imefika kwa baba yake mzazi, ndipo Ngalula akapiga yowe uani. Tukatoka mbio. Mbuzi alisimama na kifungo mdomoni, ametulia kuliko mimi. Kwenye waya ilibaki suruali.

Tata Kabeya akamtazama mbuzi. Akatazama waya. Akanitazama mimi. Kisha akasema polepole:

"Ajabu."

Ngalula alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Tata akanisindikiza hadi barabarani, na pale akaniambia nirudi na abakosi ingine, na siku nitaona kitu kama kile nipige makelele.

Msinicheke, nawaomba. Mbuzi wamempokea. Mimi bado.