Hisa za Saa Nane Mchana

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka tajiri. Bado pesa tu. Mpango umekamilika! Kuna kampuni inaitwa Varunika, inatengeneza pampu za visima. Hisa yake moja ni rupia nne na hakuna anayeigusa. Nitaisifu kwenye kundi langu la mtandaoni, Radi ya Soko. Wafuasi wangu elfu nne wataikimbilia, bei itapaa, nami nitawauzia nilizonunua mapema. Rahisi kuliko kumenya ndizi.

Kwa kuwa shajara haidanganywi: wafuasi karibu wote niliwanunua kwa mtu mmoja wa Surat, na hawajawahi kusema neno. Wanaosema ni saba. Hao saba ni mimi. Ninayempenda zaidi ni Daktari Pankaj. Ana hekima sana.

Bibi Jasumati, mama yake Baba, ameniona nikiichekea simu, akauliza kama ni mchumba. Nikamwambia ni biashara. Akasema, "Pole, mjukuu wangu." Kisha akaendelea kuutumia ukoo mzima picha yake ya waridi ya kila asubuhi, Jai Shri Krishna, mmeamkaje. Ajuza wa miaka sabini na nane, simu haimtoki mkononi! Sijui anafanya nini humo.

Jumanne, 5 Machi

Mzee Ghelani, mwenye kinu cha mafuta ya karanga, amemwambia Baba hawezi kumwoza binti yake kwa kijana ambaye kazi yake haieleweki. Foram! Nimekunywa naye chai mara mbili, na mara zote alicheka. Lazima nimpate. Kwa hiyo pesa aliyonipa Baba ninunue skuta nimeitia kwenye mpango.

Tatizo ni Bhautik, jirani. Kundi lake lina watu wa kweli, naye ana pikipiki nyekundu. Kila nikisifu hisa, huandika "hahaha" chini yake. Lakini nimempata! Saa nane mchana Bhautik amelala. Rajkot nzima imelala: maduka yamefungwa, wenye maduka wanakoroma, hata mbwa wamejilaza chini ya mikokoteni. Nani atanipinga saa hizo? Akili hizi sijui nilizitoa wapi.

Nimetangaza kundini: Varunika, Alhamisi, saa nane kamili. Jiandaeni!

Alhamisi, 7 Machi

Msiba.

Saa nane nilipiga baragumu. Daktari Pankaj akaandika kwamba ananunua. Mama Hansa wa Jamnagar akaandika kwamba ameuza bangili zote, naye ananunua. Mimi mwenyewe nikanunua na kununua ili bei ichemke. Nne, tano, sita, saba! Kila nilichotaka, kulikuwa na mtu wa kuniuzia. Nikajisemea, soko lina uhai leo.

Kisha nikageuka kuuza. Hakuna mnunuzi. Hata mmoja! Nikampigia binamu yangu, mfuasi wangu wa damu. Akasema kwa sauti ya usingizi, "We Chirayu, una wazimu? Saa hizi?" Akakata. Soko lilifungwa mji bado unakoroma. Skuta imekwenda, nimebaki na hisa za pampu ambazo hakuna anayezitaka hata kwa rupia tatu.

Lakini nani aliyeniuzia mzigo wote ule? Kikulacho ki nguoni mwako, nami namjua: Bhautik! Hakulala, yule mnafiki.

Jioni Bibi amegawa peda, vile vitamu vya maziwa, nyumba nzima, uso unang'aa. Sikuuliza kuna nini. Katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayeteseka.

Alhamisi, 18 Aprili

Barua! Kutoka kwa mamlaka ya soko, Ahmedabad. Natuhumiwa kuwa "kinara wa genge la watu saba" lililopandisha bei kwa ulaghai mtandaoni. Nikishindwa shauri, nitafungiwa kufanya biashara ya hisa kwa miaka, na faini juu. Wanasema yuko pia mshirika, aliyeuza hisa zake kwa bei hiyo ya uongo na kula faida yote. Akaunti yake nayo imezuiwa.

Mama alilia. Baba aliuliza skuta iko wapi. Mimi niliganda kwenye neno moja: kinara.

Bibi naye amepata bahasha kama yangu. Amesema ni bili ya umeme, akaichomeka kwenye sari.

Jumamosi, 20 Aprili

Habari imetoka gazetini. Muuza tambuu amenifungia moja, akakataa pesa. Bhautik amesimamisha pikipiki katikati ya barabara na kuniita bosi! Mtu mzima na masharubu yake!

Na kubwa kuliko yote: Mzee Ghelani amekuja kwetu kwa miguu yake. Akasema, "Kumbe kijana una kichwa! Nilidhani umekaa tu na simu." Akanilisha peda kwa mkono wake. Akasema faini hulipwa, ila akili hainunuliwi, na shauri likiisha tutazungumza uchumba. Foram alimwuliza baba yake, mbele ya watu, tangu lini wanatafuta mkwe mwizi. Mzee akamjibu kwamba mwizi ni yule wa mfukoni. Huyu ametikisa soko.

Nilitazama chini kwa unyenyekevu.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekwenda kwa wakili Thakrar. Nikamweleza kila kitu. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema shauri hili ni jepesi, niseme ukweli tu: wale saba ni mimi, wafuasi ni wa kununua, wachache wa kweli walikuwa wamelala, na aliyeumia ni mimi peke yangu. "Ujinga si kosa, kijana. Kwako wewe ndio utetezi."

Nikauliza nisiposema? Akasema nitafungiwa, na yule mshirika naye ataangamia pamoja nami.

Nimewaza sana. Nikisema ukweli napona, lakini Foram simpati, tambuu ya bure basi, na Bhautik hataniita bosi tena. Mshirika ni mtu mzima. Atajijua.

Alhamisi, 2 Mei

Ahmedabad. Bibi aling'ang'ania kuja, na kikapu cha chapati za uwatu. Mzee Ghelani naye alikuja kumshuhudia mkwe.

Afisa, mama mmoja mkavu, akaniuliza kama ni mimi niliyepandisha bei. Nikasimama. Nikasema, "Ndiyo. Radi ya Soko ni mimi." Wakili akafunika uso. Mzee Ghelani akavimba kwa fahari.

Afisa akamwita mshirika. Jasumati Vasani.

Bibi akasimama!

Akamwambia afisa, "Mwanangu, mimi mchana silali, miguu inaniuma. Naingia sokoni kidogo. Hisa hizi kaniachia marehemu mume wangu, miaka thelathini sijapata wa kuzinunua. Siku hiyo nikaona mjinga mmoja anazitaka, jua la utosi, kila nikipandisha bei anakubali. Nikasema, Krishna kaniletea mteja. Sikujua ni mjukuu wangu."

Afisa akamwuliza, je, angejua? Bibi akafikiri kidogo. "Ningemwuzia polepole, asishtuke."

Na wale saba? "Ni huyu huyu. Mimi nimo humo kundini. Daktari Pankaj akisema ana njaa, huyu anaingia jikoni."

Afisa yule mkavu alicheka mpaka akaletewa maji. Karani akacheka. Bawabu akacheka. Mzee Ghelani alikuwa ameshatoka.

Ijumaa, 3 Mei

Shauri limefutwa. Wameandika kwamba mtuhumiwa "hana uwezo wa kuathiri soko lolote". Wakili anasema barua hiyo niiweke kwenye fremu.

Mzee Ghelani ameleta ujumbe: mwizi angemvumilia, mjinga hawezi. Foram ameniandikia! Anaomba namba ya Bibi. Bhautik amerudi kwenye hahaha. Muuza tambuu anadai ya leo na za nyuma zote.

Akaunti ya Bibi imefunguliwa. Amenunua skuta. Ya kwake. Mama atakuwa dereva.

Jumatatu, 6 Mei

Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Jina! Radi inatisha watu. Nimefungua kundi jipya, Ngurumo ya Soko. Daktari Pankaj amestaafu, sasa yupo Profesa Pankaj. Kuna kampuni ya misumari, hisa yake rupia tatu, hakuna anayeigusa. Alhamisi, mchana, Bhautik akiwa amelala.

Na safari hii nina mfuasi wa kweli! Amejiunga kabla sijanywa chai. Mtu mwenye adabu zake, ameanza kwa kunitumia picha ya waridi. Ana swali moja tu: siku hiyo nitaanza kununua saa nane kamili, au na nusu?

Nimemjibu kwa heshima zote. Kamili.