Injini Chini ya Kitanda

Jumatatu, 14 Julai

Pikipiki imekufa. Imekufa hapa hapa Kibiti, mbele ya mlango wangu, mchana kweupe. Ilisaga kama mtu anatafuna mchele wenye mawe, ikakaza, kimya. Nikapiga kiki. Kiki haishuki.

Sielewi. Wiki nzima ilikuwa inalia krr, krr. Nikajua ni mnyororo, nikaupaka oili mpaka ukameta. Na ni pikipiki imara! Majuzi tu nilivuka nayo maji kule Mbuchi, yakafika kwenye tangi, na haikulalamika. Oili iligeuka rangi ya chai ya maziwa, basi. Nani anachukia chai ya maziwa?

Balaa ni moja: si yangu. Ni ya mama mkwe, Bi Mwanahawa wa Mohoro. Alinikabidhi nimtunzie alipokwenda Dar kutibiwa macho. Anarudi Jumapili, na mpunga wake uko shambani unaingoja. Akiikuta hivi atampa Sadala, binamu yake mke wangu Ashura. Sadala ni bodaboda, na anaikodolea macho pikipiki ile tangu siku ya kwanza. Mimi nitabaki mkwe wa kutembea kwa miguu. Haiwezekani!

Kwa fundi siendi. Fundi na Sadala kijiwe chao kimoja. Nitaifungua mwenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Nimeifungua. Rahisi mno! Beringi ya krenki imesagika, gololi zake zimemwagika kama punje. Nimenunua mpya. Muuzaji kauliza ya nani, nikasema ya jirani.

Kwenye simu yuko Mhindi mmoja anafundisha kwa video. Kihindi sikijui, lakini mikono yake naielewa. Anapasha moto kasha la injini litanuke, anagandisha beringi isinyae, halafu inaingia yenyewe, bila nyundo. Nikaweka kasha kwenye jiko la mkaa la Ashura, beringi kwenye friji la Honorata muuza barafu. Kasha likaiva. Nikakimbilia beringi. Honorata kafunga duka, kaenda mazoezi ya kwaya! Aliporudi, kasha limepoa. Nikalipasha tena. Beringi nayo ikapata joto mfukoni mwangu. Mwisho nimetumia nyundo. Imeingia. Kama imenyooka sijui, ila imeingia.

Sadala kapita, kauliza harufu gani hii, shemeji. Nikasema maandazi. Kaomba moja. Mtu huyu hana haya.

Vyuma vingine vyote nimevificha chumbani, chini ya kitanda, juu ya khanga ya Ashura. Vimepangwa kwa mpango ninaoujua mimi.

Jumatano, 16 Julai

Mama mkwe kafika! Leo! Kasema macho yamepona mapema, alhamdulillahi. Nikasema alhamdulillahi.

Mbaya zaidi, Ashura kampa chumba chetu. Nilijaribu kumwambia sebuleni kuna upepo mzuri kwa mgonjwa. Kaendelea kutandika shuka. Sasa injini iko chini ya mama mkwe, na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, hata nyumba ikiwaka moto. Nikamwomba Ashura anitolee. Kasema aliyeingiza ndiye atakayetoa, na ile khanga niifue.

Nimemwamkia mama nikiwa barazani, macho chini. Kauliza pikipiki iko wapi. Nikasema nimeiosha, inakauka.

Alhamisi, 17 Julai

Mbinu! Mama kaingia kuoga. Nikachukua mti wa kuangulia mapapai, nikasimama nje ya pazia la chumba, mguu haukuvuka kizingiti, nikainasa khanga na kuivuta. Vyuma vyote vikaja, na ndara moja ya mama. Ndara nikairudisha kwa mti ule ule. Adabu ninayo.

Nikahesabu. Pistoni hakuna! Nikatafuta hadi kwenye banda la kuku.

Magharibi ilipoingia, nyumba nzima ikanukia ubani. Mama mkwe katoka chumbani anafukiza kila kona, kama ilivyo ada ya kuamkia Ijumaa. Nikatazama chetezo. Ni pistoni! Kaigeuza juu chini, katia kaa la moto na ubani, na vile vitundu vyake viwili vinatoa moshi vizuri kabisa. Kaileta mpaka puani kwangu, kasema vuta mwanangu, upate baraka. Ningesema nini? Nikavuta. Nikasema amina.

Ijumaa, 18 Julai

Mama kaenda kwa jirani. Ashura kaniletea pistoni. Nikakung'uta majivu, nikafunga injini yote. Zimebaki bolti moja na washa mbili. Nadhani kiwandani huwa wanaweka za akiba.

Nikapiga kiki. IKAWAKA! Machozi yalinitoka, sifichi. Sadala yuko pale, mdomo wazi. Nikapanda, nikazunguka uwanja mzima. Nikampungia mkono. Halafu krr. Ikakaza. Nikajikuta nimekaa chini, mbele ya miguu ya mama mkwe, ametoka kwa jirani. Ndara zote mbili.

Jumamosi, 19 Julai

Kikao. Mimi nimekaa pale pale, lakini mama anaongea na Ashura, ndiyo heshima. Kasema amwambie mumewe kwamba alijua tangu usiku wa kwanza, kisigino kilipogonga chuma. Na pistoni aliijua ni pistoni; marehemu mumewe alikuwa na mashine ya kukoboa. Alifukizia ubani humo makusudi. Alipoona nani anaitengeneza, alijua bila Mungu haitawaka.

Kisha kauliza, mbona sikusema tu? Aibu ilinishika, nikawa naokota punje za wali mkekani.

Sadala kaikokota pikipiki kwa fundi. Ikipona ni ya Sadala. Imeniuma, jamani. Imeniuma sana.

Lakini! Mama hana kinyongo. Kanunua pawatila mpya ya kulimia na kubebea mpunga, imeletwa na lori kutoka Dar. Itakaa uani kwangu mpaka upatikane usafiri wa kuipeleka Mohoro. Kazi yangu kuilinda. Nisiiwashe, nisiiguse, hata vumbi nisifute. Mtu asiyeaminiwa anakabidhiwa pawatila? Nauliza tu.

Jumapili, 20 Julai

Mama kaondoka asubuhi, Ashura kamsindikiza stendi. Nimebaki na pawatila. Nimeilinda vizuri. Nimeitikisa kidogo, na ndani kuna kitu kinacheza. Mlio ule naujua. Ije kumharibikia mama shambani, mbele ya wavunaji? Aibu ya nani? Nimefungua kifuniko tu. Ashura akirudi atakuta nimeshakifunga, nikiipata ile springi iliyorukia kwa jirani.