Batiki Yangu ya Solo

Jumatatu, 28 Septemba 2009

Malak, yule msichana wa Harrow, kanialika! Mimi, Asad, karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, Walthamstow, huku ughaibuni! Pati Ijumaa, kwa Ratri, mwanafunzi mwenzake kutoka Jakarta. Kila mtu avae batiki. Eti vijana wa huko zamani waliiona nguo ya wazee, sasa wanaivaa na jinzi na raba. Halafu wanakaa mkahawani saa nzima nzima, soga na simu tu. Nikamwambia hilo sisi tunaliita baraza. Akacheka. Kicheko kile kikanipanda kichwani. Nikasema batiki ninayo, halisi, ya Solo, mji wenyewe wa batiki. Sina hata kitambaa cha kufutia pua.

Jumanne, 29 Septemba

Binamu yangu Sufian naye kaalikwa. Kaagiza shati Jakarta kwa intaneti, linafika Alhamisi. Ana kila kitu yule, shingo tu hana. Mimi nimezunguka soko zima, patupu. Nimerudi nyumbani, Mama yuko kazini. Sandukuni mwake mna doti ya kanga, kahawia na nyeupe, maua madogo madogo. Ukifumba jicho moja, batiki kabisa! Kapewa na bibi, Mungu amrehemu, siku niliyozaliwa. Haivai, kaiweka tu. Nimechukua kipande kimoja. Kimoja! Hatajua.

Jumatano, 30 Septemba

Nimempelekea fundi Pravin, mzee wa Kisumu mwenye cherehani karibu na stesheni. Nikamwambia yale maandishi ya kanga ayakate, ayatupe. Kanitazama kama nimemtukana. Kasema kazi hii anaijua tangu mimi sijazaliwa. Haya, mzee wangu.

Ijumaa, 2 Oktoba

Lahaula! Shati nimelipata saa kumi na moja jioni, pati saa kumi na mbili. Mbele safi. Mgongoni, bega hadi bega: NANI KAMA MAMA. Pravin kasema kuyatupa maneno kama hayo ni dhambi, na kwamba alilia akiyashona. Nikavaa koti juu.

Kwa Ratri watu wamejaa, hita inawaka, mimi na koti langu. Ratri akauliza maua haya ya wapi. Solo, nikasema. Jasho likashuka mpaka kwenye soksi. Sufian, mwanahizaya, akaja kwa nyuma akanivua koti, eti ananihurumia. Malak akasoma. Akawatafsiria wenzake. Wakapiga kelele, wakapiga picha. Malak peke yake hakucheka. Akaniuliza kwa nini nimemdanganya. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimempoteza, basi.

Jumamosi, 3 Oktoba

Picha ziko Fesibuku! Mama alikuwa Harrow kwa Bi Suad, mamake Malak, kaonyeshwa zote. Nikasikia ufunguo mlangoni, nikajifungia chooni. Akabisha. Nikafungua, nimeshapiga shahada.

Kumbe analia! Kanikumbatia. Kasema miaka ishirini na minne kaificha kanga ile akiogopa isichakae, na leo mwanawe kaivaa mbele ya walimwengu. Anadhani nilikusudia! Sikumsahihisha. Alhamdulillahi, nimepumua. Nimekula sahani tatu za pilau.

Jumapili, 4 Oktoba

Malak kapiga simu mwenyewe! Tukakutana Harrow, tukatembea. Kasema shati langu lilikuwa zuri kuliko yote, hata la Sufian. Kasema bora mwanamume wa kanga kuliko mwongo wa Solo. Kanisamehe, kwa sharti moja, nisimdanganye tena. Nikaapa. Wallahi niliapa kwa moyo wangu wote, na ule mzigo wa siku mbili ukanitoka kifuani. Nikajiona mtu mpya.

Tukafika kituo cha basi. Akaniuliza kama nimewahi kuonja rendang, chakula cha kwao Ratri.

Nikamwambia naipika mwenyewe.

Jumamosi ijayo nawapikia watu kumi na wanane. Kesho nimwulize Mama rendang ni samaki au nyama.